Jina Lake Limeandikwa Wapi?

Kila mwaka ifikapo tarehe 25 Julai, Taifa letu husimama kidogo na kuwakumbuka mashujaa wake. Tarumbeta hulia, mizinga hupigwa, viongozi wa dini huomba dua na sala. Rais, ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu, huweka mkuki na ngao penye mnara. Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi huweka sime. Kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua. Meya huweka upinde na mshale. Na mwakilishi wa wazee waliopigana vita huweka shoka. Kwa miaka mingi sisi wakazi wa Dar es Salaam tuliyaona mambo hayo kwa macho yetu pale Mnazi Mmoja. Mwaka 2013 yalifanyika Kaboya, na mwaka 2016 Dodoma. Popote yafanyikapo, wananchi huinamisha vichwa, na hakuna anayecheka wala anayesukumana.

Hatuna neno baya la kusema juu ya siku hiyo. Lakini tumepata barua kutoka Temeke, nayo imetuzuia kuandika yale tuyaandikayo kila mwaka.

Mwandishi wake ni mzee mstaafu wa bandari, mwanachama wa miaka mingi. Aeleza kwamba baba wa baba yake alikamatwa kijijini kwao, upande wa Rufiji, wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, akafungwa kamba pamoja na wenziwe, akapelekwa kuwachukulia Waingereza mizigo ya vita. Hakurudi. Haikuja barua, hakuja mjumbe, haukuja mshahara. Nyumbani walingoja masika baada ya masika, hata mwisho wakasoma hitima pasipo maiti. Mzee wetu asema kwamba kila tarehe 25 Julai huvaa kanzu safi, akafungua redio, na kimya kinapoamriwa husimama peke yake chumbani mwake. Kisha auliza: Je, babu yangu naye yumo katika mashujaa hao? Na kama yumo, jina lake limeandikwa wapi?

Twaungama kwamba hatukuwa na jibu. Ikatubidi kutoka ofisini tukalitafute.

Tulianza na Mnara wa Askari, ule ulio katikati ya mji katika Barabara ya Samora, ambao maelfu ya wafanyakazi huupita asubuhi na jioni bila kuutazama. Askari yule wa shaba amesimama pale tangu mwaka 1927, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Kabla ya vita ile Wajerumani waliweka mjini mwetu sanamu ya Hermann von Wissmann, na chini ya miguu yake Mwafrika akimtazama juu bwana wake. Waingereza walipouteka mji, Septemba 1916, waliing'oa. Baadaye wakamweka Mwafrika peke yake juu ya nguzo, na kwa hilo tu pekee mnara huu una heshima yake.

Lakini asogee mtu karibu asome. Maandishi yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yawataja askari wenyeji waliopigana, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa wakimtumikia mfalme wao. Kisha yatoa ahadi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Tuliuzunguka mnara mzima. Hakuna jina hata moja. Ahadi ya jina imechongwa mahali ambapo jina halimo.

Na liko jambo jingine. Katika mnara wa namna hiyo ulioko Nairobi, mpagazi amesimama pamoja na askari, ana umbo na ana uso. Huku kwetu amesimama askari tu. Mpagazi, ambaye ndiye aliyekufa kwa wingi, ametajwa kwa maneno na kupitwa. Watu wa Dar es Salaam hawakumsahau hivyo. Wao walilichukua lile jina la Kiingereza la jeshi la wapagazi, Carrier Corps, wakalitamka kwa ulimi wao, nalo likawa Kariakoo. Jengo la soko lililojengwa na Wajerumani kabla ya vita ndilo Waingereza walilolifanya kituo cha kukusanyia wapagazi. Mama anunuaye nazi na bamia sokoni leo alitaja jeshi hilo kila anapomwambia kondakta wapi atashuka. Huo ndio ukumbusho mkubwa kuliko yote ya wapagazi katika nchi hii, na haukujengwa na serikali yoyote.

Kutoka hapo tulikwenda Kinondoni, kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya zamani iendayo Bagamoyo. Ni mahali pazuri. Majani yamekatwa, mawe ni meupe, na maua yametiwa maji. Humo wamo zaidi ya watu 1,700 wa vita ya kwanza, Waingereza, Wahindi na wengineo, na wengi wana mawe yao wenyewe yenye majina, jeshi na tarehe. Makaburi haya yalianzishwa mwaka 1968, pale maziko ya Ocean Road yalipohamishwa ili kupisha barabara mpya. Na mapema miaka ya 1970 yakaletwa mengine kiasi cha 1,000 kutoka mikoani. Sasa msomaji aangalie vizuri. Walipofikia viwanja ambamo Waafrika walizikwa, wahamishaji walikuta makaburi hayakuwa yamewekewa alama moja moja. Basi wakawazika pamoja, kundi kwa kundi, wakaweka ukuta wa ukumbusho juu yao.

Hatuwalaumu waliohamisha mwaka 1968. Hawakuwa na la kufanya. Kosa lilikuwa limekwisha kutendeka miaka karibu hamsini nyuma.

Mwaka 1917 Waingereza waliunda Tume ya Makaburi ya Vita, na sheria yake kubwa ilikuwa kwamba wafu wote ni sawa. Kila mmoja ataandikwa kwa jina lake, pasipo kutazama cheo, rangi wala dini. Ni sheria njema. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni tulifundishwa maneno kama hayo tangu utoto. Ulaya ilitimizwa. Huku kwetu haikutimizwa. Ripoti iliyotolewa na Tume hiyo hiyo mwezi Aprili 2021 yakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Yaeleza pia kwamba Gavana wa Tanganyika wa wakati ule, Sir Horace Byatt, aliona ni afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Maofisa wengine wakaandika ati wenyeji hawajali makaburi ya wafu wao. Wakaandika hayo katika nchi ambayo mtu hutembea siku tatu kwenda kufagia kaburi la mama yake! Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi ule ule wa Aprili. Miaka mia ilikuwa imepita.

Yafaa vijana waelewe kwa nini walikufa wengi hivyo. Katika vita ile farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o muda mfupi tu baada ya kuingia porini. Palipokoma reli, kila risasi, kila gunia la unga, kila sanduku la dawa lilikwenda kichwani mwa mtu. Na mpagazi naye hula. Safari ikiwa ndefu, sehemu kubwa ya mzigo alioubeba ni chakula chake na cha mwenziwe, kwa hiyo walihitajika wapagazi wa kuwachukulia wapagazi. Ndiyo sababu Waingereza peke yao waliwatumia watu wapatao milioni moja. Walipewa unga wa mahindi usioiva vizuri, na wengi hawakuwa wamezoea chakula hicho, tumbo likawaharibika. Wakalala kwenye matope ya Rufiji, wakapandishwa kwenye baridi ya nyanda za juu bila blanketi la kutosha. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi kuliko risasi. Vita ilikwisha rasmi Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini huku wapagazi waliendelea kubeba mpaka Wajerumani walipoweka silaha chini huko Abercorn, tarehe 25 Novemba.

Nao hawakuwa watu wasioandikwa. Hili ndilo linalotuudhi zaidi. Mpagazi alipoandikishwa alipewa namba, namba hiyo ikapigwa kwenye kibati avae mwilini, na karani akaandika katika daftari jina lake, kijiji chake na jumbe wake, maana serikali ilitaka kujua nani amebeba na nani ametoroka. Alipokuwa hai na mwenye nguvu alijulikana barabara. Alipokufa ndipo akawa hajulikani.

Hapa ndipo twatofautiana na desturi ya Ulaya ambayo mataifa mengi yameiiga. Mwezi Novemba mwaka 1920, London na Paris kila mmoja ulichukua maiti ya askari mmoja asiyetambulika, wakamfanyia maziko ya kifalme: kule London katika kanisa la Westminster, kule Paris chini ya lango kuu la ushindi. Wazo lao lilikuwa jema. Mzinga ulikuwa umevunja mwili hata mama asiweze kumtambua mwanawe. Basi mmoja akazikwa kwa niaba ya wote, ili kila mama aweze kusema labda ni wangu. Lakini askari yule asiyejulikana alikuwa mmoja miongoni mwa mamilioni ambao majina yao yalichongwa ukutani. Huku kwetu jina halikupotezwa na mzinga. Lilipotezwa na kalamu. Kwa hiyo tunapokubali upesi neno hili 'mashujaa wasiojulikana', tuwe na hadhari. Tusije tukawa tunauthibitisha uzembe wa karani wa mkoloni, na kuupigia mizinga juu yake.

Wako ndugu, nao ni wanachama wenzetu wema, wasemao: Ya nini yote hayo? Wale walikuwa askari na watumishi wa wakoloni, Waafrika waliouana kwa ajili ya mfalme wa Uingereza na mfalme wa Ujerumani. Mashujaa wetu ni wale wa Maji Maji walionyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906; ni wale walioipigania Kagera mwaka 1978 na 1979, waliolala Kaboya; ni wale waliofia Msumbiji katika ukombozi, waliolala Naliendele. Hao walijua wanapigania nini.

Tunaliheshimu neno hilo, na sehemu yake ni kweli. Askari wa pande zote mbili walipita vijijini wakachukua mtama na ng'ombe bila kulipa, na njaa iliyowapata Wagogo tangu mwaka 1917, wanayoiita Mtunya, haiwezi kutengwa na vita ile. Hatutaki mtu atuandikie historia tamu. Lakini mtu aliyefungwa kamba shingoni akabebeshwa ratili hamsini si mshirika wa mkoloni. Ni mfanyakazi aliyelazimishwa kufanya kazi hata kufa, na chama cha wakulima na wafanyakazi kisipomtambua yeye, kitamtambua nani? Tena damu hizi haziachani kirahisi kama wasemavyo ndugu zetu. Kleist Sykes, katibu wa kwanza wa African Association iliyoanzishwa mwaka 1929 mjini hapa, alikuwa askari katika jeshi la Wajerumani vita ile. Wanawe Abdulwahid na Ally walikwenda Burma na jeshi la King's African Rifles katika vita ya pili, na wote wawili walikuwamo miongoni mwa watu 17 walioianzisha TANU tarehe 7 Julai 1954. Wangalifia vitani baba au wana hao, nasi tungeliwaita watumishi wa mkoloni tukapita zetu?

Basi lifanyike nini? Wengine watasema ni kazi ya Waingereza, wao ndio waliopoteza. Ni kweli wana deni, na walilipe. Lakini tumeona jambo lililotutia moyo. Mwezi Januari mwaka 2025, Cape Town, ulifunguliwa ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika vita ile ile bila kaburi linalojulikana. Kila mtu ana nguzo yake ya mti yenye jina lake, nguzo 1,772. Majina hayo yalikuwa yamelala katika karatasi za zamani za jeshi mpaka yalipoibuliwa. Kama majina yaliweza kupatikana Cape Town baada ya miaka mia, hatuoni kwa nini yasipatikane Dar es Salaam.

Na huku kwetu zipo karatasi, lakini ipo pia hazina nyingine ambayo haitangoja. Ni wazee. Aliyezaliwa baada tu ya vita ile amekwisha kufa, au yu ukingoni. Waliobaki ni wajukuu, walioambiwa jina hilo na baba zao. Katika Temeke, Keko, Chang'ombe, Mbagala, Magomeni, Mwananyamala na Tandale wamejaa watu waliokuja mjini kutoka Rufiji, Kilwa, Lindi, Uluguru na Unyamwezi, yaani kule kule ambako wapagazi walikamatwa au walipita. Sahau kwamba mji huu ni wa vijana wa simu za mkononi. Nyuma ya kila mlango yuko bibi ambaye akiulizwa vizuri, na akiisha kunywa chai, ataanza kuhesabu ukoo mpaka afike kwa yule aliyekwenda na Waingereza asirudi, au aliyekwenda na Wajerumani asirudi.

Kwa hiyo twatoa rai kwa matawi yote ya Kinondoni na Temeke, na twawaomba wa Ilala wasibaki nyuma, kwani Kariakoo ni yao. Kila mjumbe wa shina azipitie nyumba zake na daftari la senti chache. Aandike jina la mtu, jina la baba yake, kijiji alikotoka, alichukuliwa na nani, mwaka gani kama wanaujua, na nani ameeleza. Asiongeze lake. Asiyejua mwaka aandikiwe alama ya wakati, kama ilikuwa mwaka wa nzige au wa njaa fulani. Vitabu vya ubatizo vya misheni viombwe kwa adabu, na masheikh waulizwe juu ya hitima zilizosomwa bila maiti. Wasiachwe wale wa Burma, japokuwa majina ya wenzao wengi yamechongwa Taukkyan, karibu na Rangoon, mahali ambapo wajukuu zao hawatafika. Nakala moja ipelekwe kwenye Nyaraka za Taifa, moja ibaki tawini.

Na siku ya tarehe 25 Julai, baada ya watu kusikiliza redio au kutazama televisheni na mizinga kunyamaza, kila tawi likutane barazani lisome majina yake. Hatuombi fedha, hatuombi zulia wala viti vya wageni wa heshima. Ikiwa tawi limepata majina matatu tu, yasomwe hayo matatu. Tena wasiyasome viongozi. Kila jina lisomwe na mtu wa nyumba hiyo.

Tunajua kuna watakaosema kazi hii italeta uongo, kwamba kila mtu atataka babu yake awe shujaa. Huenda. Lakini orodha yenye makosa yaweza kusahihishwa na jirani anayekumbuka vizuri zaidi. Ukuta mtupu hausahihishwi na mtu. Na katika mambo ya wafu watu wetu huwa waangalifu kuliko katika mambo ya viwanja.

Tulimwandikia mzee wetu wa Temeke kumjulisha tuliyoyaona mnarani na Kinondoni. Hakukawia kujibu. Safari hii alituletea karatasi iliyochanwa katika daftari la mjukuu wake, na juu yake ameandika kwa wino wa buluu jina la babu yake, la baba wa babu yake, kijiji, na jina la jumbe aliyekuwapo siku wanakijiji wanafungwa kamba. Karatasi hiyo tumeipeleka tawini kwake. Jina hatulichapi hapa, kwa kuwa ametuomba lisitajwe gazetini kabla yeye mwenyewe hajalisoma mbele za watu.